Lenzi ya 10x kwa maua ya jangwani: chukua hii, achana na ile ya 40x

Kama uko California na unapenda maua ya porini, hasa ya jangwa la Mojave, simu peke yake haitoshi, nakwambia mapema. Hii lenzi ni ya kukunja, ya chuma, ndani ina vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja kwa hiyo huoni zile rangi rangi pembeni kama kwenye za plastiki.

Inakuza mara 10. Watu wakisikia 10 wanaona ndogo wanakimbilia 40x na hapo ndo tunapigwa, maana 40x ya kweli inabidi ua liwe milimita 6 hivi kutoka kwenye kioo, utaligonga na pua, na nyingi zinazoandikwa hivyo wala hazifiki huko. Mimi niliuziwa moja, ukungu mtupu. Hii ya 10x inakuachia sentimita 2 na nusu, mwanga unaingia vizuri.

Sasa kazi yenyewe. Maeneo ya mji wa Barstow, humo humo jangwani, kuna kaua kanaitwa Eriophyllum mohavense, adimu kweli kweli, mmea mzima haufiki hata sentimita 3, halafu kana ndugu yake, Eriophyllum pringlei, wote wana manyoya meupe na wote hawana zile petali za pembeni. Ukiwa umesimama utasema ni kitu kimoja. Lala chini, lenzi iwe karibu na jicho (jicho, sio ua!), sogea wewe mpaka uone, hesabu viua vilivyomo kwenye kichwa kimoja (kile unachodhani ni ua moja ni fungu la viua vidogo): vitatu au vinne tu ni mohavense, vikifika 10 na kuendelea ni pringlei. Maua meupe kama nyota ya Monoptilon nayo vile vile, yapo ya aina mbili: bellioides ina vinyweleo kadhaa juu ya mbegu, bellidiforme ina kimoja tu, na hicho kimoja kwa macho matupu hukioni ng'o.

Maswali ya kujiuliza ili ujue ua ni lipi yapo bure kwenye Jepson eFlora, tovuti ya mimea ya California ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ila piga skrinshoti kabla maana huko netiweki ni bahati. Na usichume bana, Death Valley na hifadhi zingine za taifa hawaruhusu.

Ubaya? Juani chuma kinachemka, na mchanga ukiingia kwenye skrubu inakwaruza ukifungua. Kamba ya shingoni haiji nayo, tafuta yako kabisa kabla hujaidondosha kwenye mawe.