Tahadhari: usinunue waya wa kuchajia gari "unaokubali soketi yoyote"

Wenye magari ya umeme, hasa mnaotafuta waya wa kuchajia wa kubeba, someni hili kabla hamjatuma hela. Kuna wauzaji wanaouza nyaya, adapta na "matengenezo" kwa ahadi moja: taa nyekundu ya onyo kwenye waya haitawaka tena, na gari litachaji kwenye soketi yoyote ile. Wanaitimiza ahadi hiyo kwa kuua ulinzi wa waya, na mnunuzi hajui mpaka siku bodi ya gari (bati lake la nje) imrushe kwa shoti.

Mchezo huanza hivi. Mteja analalamika kwamba waya wake unawasha taa nyekundu na gari halichaji. Muuzaji haulizi taa inawaka mara ngapi, wala kama soketi ina ethi (waya unaokwenda ardhini). Anamuuzia kiplagi cha kuchomeka kati ya waya na soketi, au anaufungua waya na kuurudisha "umepona", au anampa kisanduku kipya chenye kitufe cha kuzima ukaguzi wa ethi. Njia ni tatu, lakini matokeo ni yale yale: taa inazimwa, tatizo linabaki.

Kisanduku kilicho katikati ya waya hakichaji gari. Chaja imo ndani ya gari lenyewe. Kisanduku ni mlinzi: kinakagua ethi, kinaliambia gari livute ampea ngapi, kinafunga rilei (swichi ya ndani inayopitisha umeme) pale tu gari likishaunganishwa sawasawa, na kinakata umeme ukivuja. Kwa visanduku vinavyofuata kiwango cha kimataifa cha IEC 62752, kikomo cha kuvuja ni miliampea 30 za umeme wa AC (kama wa soketi) na miliampea 6 za DC (kama wa betri). Kikiwasha taa nyekundu kwa kukosa ethi, kimefanya kazi uliyokinunulia.

Sasa kipasue kile kiplagi. Ndani utakuta kipande cha waya, au rezista moja, kimechomelewa kutoka pini ya nyutro (waya unaorudisha umeme) hadi pini ya ethi. Basi. Kisanduku kinapopima ethi kinakutana na nyutro na kuridhika. Lakini gari limekaa juu ya matairi ya mpira, na waya wa ethi ndio unaopaswa kuishikilia bodi yake isipande umeme. Ethi ikiunganishwa na nyutro, bodi ya gari nayo imeunganishwa na nyutro. Siku nyutro inapolegea mahali popote kati ya soketi na mita ya umeme, umeme unapita layivu (waya unaouleta), unaingia kwenye chaja ya gari, unarudi kwa nyutro, unakosa njia, unapanda kwenye ethi bandia na kutua kwenye bodi. Anayeshika mlango huku amekanyaga ardhi yenye unyevu ndiye anayekuwa njia. Kwenye soketi ambayo layivu na nyutro zimegeuzwa hakuna hata haja ya kusubiri nyutro ikatike, kwa sababu bodi inapata umeme mara tu plagi inapochomekwa.

Watu wengi hujipa moyo kwamba kisanduku kitakata. Usikitegemee. Daraja lile la nyutro na ethi liko kwenye plagi, kabla ya kisanduku, kwa hiyo umeme unaokwenda kwa layivu na unaorudi kwa nyutro unapita ndani ya kisanduku ukiwa sawa. Kisanduku hupima tofauti kati ya hizo mbili, na hapo hakuna tofauti ya kupima. Mtu anaweza kupigwa shoti huku taa ya kijani inawaka.

Kukijua kiplagi cha namna hii si kazi. Kikiwa hakijachomekwa popote, weka multimita kwenye omu, gusa pini ya nyutro na pini ya ethi. Adapta nzima haionyeshi chochote, njia iko wazi. Ukipata namba yoyote, iwe omu sifuri au kiloomu kadhaa, umeshika ethi bandia. Kwa waya kamili wenye kisanduku, pima hivyo hivyo kwenye plagi yake. Njia wazi au mamia ya kiloomu ni kawaida, kwa kuwa baadhi ya saketi za ukaguzi huacha rezista kubwa hapo. Omu chache, au kiloomu chache tu, si kawaida kabisa.

Na kabla ya kumtafuta muuzaji yeyote, hakikisha kwanza kama mbovu ni waya au ni soketi. Fundi apime soketi: layivu na nyutro iwe karibu volti 230 (au kiwango cha umeme wa kwenu), layivu na ethi iwe karibu sawa na hiyo, nyutro na ethi iwe volti chache au sifuri. Layivu na ethi ikisoma kama nusu ya kiwango, na namba inayumbayumba, ethi haijafungwa popote, na multimita inasoma umeme wa kuambukiza tu, unaorukia kutoka waya wa jirani. Hapo waya wako ni mzima, na kinachotakiwa ni kuvuta ethi ya kweli. Angalia pia ratiba ya kuchaji kwenye menyu ya gari. Nyaya nyingi nzima zimehukumiwa kwa sababu gari lilikuwa limepangwa kuanza kuchaji usiku wa manane.

Soketi ikiwa nzima, fundi apime upande wa gari, kichwa cha waya (kile kinachoingia kwenye gari) kikiwa kinaning'inia na plagi imechomekwa. Kati ya pini ya mawasiliano, ile ndogo inayoandikwa CP, na pini ya ethi, panapaswa kuwa na karibu volti 12 za DC. Ikiwa sifuri, waya mwembamba wa mawasiliano umekatika, mara nyingi pale unapojikunja kwenye shingo ya kichwa, au kisanduku kimekufa. Kipimo cha pili ndicho kinachomuumbua muuzaji: layivu na nyutro kwenye kichwa kilicho wazi. Lazima pasiwe na umeme. Volti chache zinazoyumba zinaweza kupuuzwa. Ukikuta volti 230 kamili, rilei imeganda au haikuwekwa tangu mwanzo, na mtoto akichezea kichwa hicho anashika umeme wa nyumba nzima. Chomoa. Usiutumie tena hata mara moja.

Kitufe cha TEST nacho kina uongo wake. Bonyeza gari likiwa linachaji. Kwenye kisanduku cha kweli utasikia rilei ikiachia, "tak", na gari litaandika kwamba kuchaji kumesimama. Ikiwa taa inawaka tu huku gari likiendelea kuvuta, kitufe ni pambo. Visanduku vingine vizuri havina kitufe kwa sababu vinajipima vyenyewe kila vinapowashwa, kwa hiyo kukosa kitufe peke yake si kosa.

Uongo wa pili ni wa ampea. Matangazo huandika "ampea 32, kilowati 7" chini ya picha ya waya wenye plagi ya kawaida ya nyumbani. Haiwezekani. Volti 230 mara ampea 32 ni wati 7,360, na hakuna plagi ya kawaida ya nyumbani iliyoundwa kubeba mzigo huo, achilia mbali kuubeba usiku kucha. Kwa kuchaji saa nyingi mfululizo, ampea 10 ndio mzigo wa busara kwa soketi ya nyumbani. Joto kwenye maungio huongezeka kwa mraba wa ampea: penye ukinzani wa omu 0.05 tu, ampea 10 hutoa wati 5, ampea 32 hutoa wati 51, kwenye nafasi ndogo kuliko kidole gumba. Ndiyo maana plagi hugeuka kahawia kwenye pini moja kwanza, ile iliyolegea.

Adapta ya kushusha plagi kubwa ya ampea 32 hadi plagi ndogo ina ugonjwa huo huo. Kisanduku huliambia gari ampea kwa mapigo kwenye pini ya CP: mapigo yakiwa juu kwa asilimia 10 ya muda ni ampea 6, karibu asilimia 27 ni ampea 16, karibu asilimia 53 ni ampea 32. Kisanduku kisichotambua adapta kitaendelea kuomba 32 hata ukikichomeka kwenye soketi ya chumbani.

Kwenye waya wenyewe, soma maandishi ya ganda. 3G2.5 maana yake nyaya tatu, ethi ikiwemo, za milimita 2.5 za mraba. Hizo zinafaa ampea 16. Kwa ampea 32 tafuta milimita 6. Ganda lisilo na maandishi yoyote, liache. Wengine huweka alumini iliyopakwa shaba, ambayo ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba tupu, na waya huwa mwepesi mkononi kuliko unavyotarajia. Sumaku haitakusaidia, haivuti alumini wala shaba. Kwa waya uliokwisha katwa, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, ni alumini. Mweupe nje na mwekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, hiyo ni halali.

Alama ya CE (ya kudai kufuata masharti ya Ulaya) isikutoshe, mtengenezaji hujiwekea mwenyewe. Muombe muuzaji namba ya cheti, uitafute kwenye hifadhidata ya maabara iliyotoa cheti: UL wana Product iQ, TÜV Rheinland wana Certipedia. Linganisha modeli herufi kwa herufi. Anayetuma picha ya cheti na kukataa namba, achana naye.

Uliyekwisha nunua: acha kuutumia, usiufungue kabla ya kudai hela yako, piga picha za plagi, lebo na vipimo vya fundi, hifadhi tangazo lilivyoandikwa, kisha peleka malalamiko kwa muuzaji, kwa soko la mtandaoni alipotangazia na kwa mamlaka ya viwango ya nchi yako. Usimuuzie mwingine "kwa bei ya hasara". Na ukishamaliza madai, kata pini za kile kiplagi kwa koleo kabla ya kukitupa, maana kikiwa kizima jalalani kitaokotwa na kuchomekwa kwenye gari la mtu mwingine.