Uzamili wa afya ya jamii kutoka London nikiwa kazini Tanzania: uzoefu wangu

Nimesoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii ya London School of Hygiene & Tropical Medicine kwa njia ya masafa, huku nikiendelea na kazi yangu ya halmashauri. Shahada yenyewe inatunukiwa na Chuo Kikuu cha London. Kwa mtumishi wa afya asiyetaka kuacha ajira, naipa alama za juu, na sababu kubwa ni somo moja tu: epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea na kinachoyasababisha.

Nilikuwa nimezoea kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), kile cha wagonjwa wa nje. Jina, umri, jinsi, makazi, ugonjwa. Mwezi ukiisha tunajumlisha na kutuma. Epidemiolojia ilinionyesha kilichokosekana mle ndani. Kitabu kinamwandika aliyeharisha, lakini jirani yake aliyekunywa maji ya kisima kile kile akabaki mzima hayumo popote. Bila huyo mzima, utakilaumuje kisima? Daktari John Snow alipofuatilia kipindupindu cha Broad Street, London, mwaka 1854, hakuishia kwa waliokufa. Aliwaulizia pia wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani, ambao hawakuwa wakinywa maji ya pampu ile na wakasalimika. Siku hizi ukitokea mlipuko, naisihi timu yetu ihoji na kaya zisizo na mgonjwa. Hilo peke yake lilistahili ada niliyolipa.

Ada ni ya pauni, kwa hiyo shilingi ikishuka unaumia, ila unaruhusiwa kulipa moduli kwa moduli, na muda wa kumaliza unafika miaka 5. Uchumi wa afya nao ni mzuri sana. Takwimu zinataka utulivu: ukirudi kutoka usimamizi shirikishi wa zahanati umechoka, umeme nao umekatika, zoezi halifanyiki. Kinachokosekana kabisa ni watu. Mwenzangu aliyesoma chuo cha afya cha Muhimbili alitoka na mtandao wa wanadarasa walioko mikoani na wizarani, anapiga simu moja jambo linakwenda. Mimi sina huo, na kwa kazi za serikali ni pengo la kweli.

Anayeweza kusafiri ana njia nyingine. Uingereza darasani ni mwaka 1. Marekani kwa kawaida ni miaka 2, na lazima ufanye mafunzo kwa vitendo, jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye mfumo wao. Gharama yake lakini ni nzito mno bila ufadhili. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia masomo ya huko, ila si ya masafa, na inakutaka urudi nyumbani kwa miaka 2. Wa masafa waangalie ufadhili wa Jumuiya ya Madola, unaohusu kozi zilizoteuliwa tu.

Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza juzi, hajawahi kushika rejista ya kituo wala kukaa kikao cha bajeti ya afya, simshauri njia hii ya masafa. Aende chuo cha afya cha Muhimbili au cha Moshi akapelekwe vijijini na walimu wake. Na kwa yeyote anayelenga chuo cha nje, hasa hivi vinavyojitangaza kwa bei rahisi: ulizia TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, kama shahada yake inatambuliwa kabla hujatuma hata senti.