Taa za simba au wavu wa chuma: boma lilindwe na nini?

Upande wa kusini wa Mbuga ya Nairobi hauna ua, na simba akivuka mto Mbagathi mjadala huu hurudi palepale. Mwaka 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Tangu hapo sijaona baraza ambalo mfugaji, mwenye ploti na askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) wanakubaliana upesi.

Kwa bei, taa zinashinda. Richard Turere, kijana wa hukohuko aliyebuni taa hizi za kufukuza simba, alianza na betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu. Zinawaka kwa zamu, simba anadhani mtu anazunguka na tochi. Ujanja mtupu! Ila vumbi likifunika paneli ya sola, au betri ikichoka, usiku huo huna kitu.

Wavu ni ghali, nguzo zenyewe zinauma mfuko. Lakini unazuia jambo ambalo taa haziwezi: ng'ombe wakinusa simba hukurupuka, huvunja boma la miiba na kumfuata adui nje gizani. Fisi naye huchimba chini, kwa hiyo panga mawe kwenye ukingo. Na mlango? Wengi huweka wavu mzuri, kisha wanaziba mlango kwa matawi.

Mwenye mbuzi kumi kwenye ploti ya kukodi, au anayehama na mifugo kiangazi, achukue taa. Mwenye kundi kubwa na ardhi yake, hasa kama jirani atachangia nguzo, wavu utamfaa zaidi.