Alamu Inalia Bure Usiku? Fungua Sensa, Tafuta Jampa

Bandugu na badada wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi, karibuni. Hapa mezani kuna seti ya alamu ya nyumbani, ile ya redio ya megahezi 433. Paneli, king'ora, rimoti, sumaku za milango, hivyo mnavijua, siwasomei sanduku. Twende kwenye sensa ya mwendo, ile inayoona joto la mtu anayesogea, kwa sababu ndiyo inayowaamsha saa nane ya usiku na mwizi hayuko.

Kwanza muangalie paneli imetaja zoni gani, yaani namba ya sensa iliyolia. Kama ni zoni 3 tena na tena, zingine muziache. Mchukue kartoni, mfunike uso wote wa hiyo sensa, mbandike kwa utepe, halafu muwashe alamu kama kawaida. Ikinyamaza, shida ni kitu inachokiona chumbani. Ikilia hata imefunikwa, shida iko ndani: betri imechoka, mdudu ameingia, au redio nyingine inaingilia. Jaribio hilo halina gharama, na inaniudhi mafundi wanapoliruka na kuuza sensa mpya.

Sasa kitu ninachokipenda sana. Kabla ya kufungua, wekeni paneli kwenye hali ya kupanga, la sivyo swichi ya kifuniko itapiga king'ora. Mlegeze skrubu ya chini, kifuniko kitoke. Kile kijicho cha chuma katikati msikiguse, mafuta ya vidole yanakiharibu. Mnaona pini hizi tatu na kofia nyeusi ndogo? Hiyo ni jampa ya mapigo. Ikikaa kwenye 1, badiliko moja tu la joto linatosha, alamu inalia. Naivuta hivi, naiweka kwenye 2. Sasa sensa inasubiri badiliko la pili ndani ya sekunde chache. Mtu anayetembea analileta bila shida, maana anakatisha vipande vingi vya uwanja wake. Upepo mmoja wa moto haulileti kwa urahisi. Seti zingine zinatoka kiwandani zikiwa kwenye 1!

Mkishafunga, mjaribu. Mtembee mkikatisha mbele yake, msiifuate usoni, kwa sababu kwa kuikabili inachelewa kuona. Hatua 3 au 4, taa iwake. Isipowaka, subirini: sensa nyingi za redio hulala kama dakika 3 baada ya kuona mtu ili kutunza betri. Tumieni kitufe cha majaribio.

Na urefu: mita 2.1 hadi 2.4, kwenye kona, isitazame dirisha. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi ikija, msiache mbabula yenye makaa mbele yake. Mwezi wa 10, nyumba ya mabati isiyo na plafo (dari), hewa ya moto inacheza na pazia, na sensa inaona. Tundu la nyuma zibeni kwa silikoni: hewa ya ukutani na buibui vinapitia hapo.

Sanduku linasema mbwa wa kilo 25 hatalizi alamu. Hapo sikubaliani. Ni kweli tu akiwa sakafuni na sensa iko kwenye urefu ule niliotaja. Paka akiruka juu ya kabati, ahadi imekwisha.

Mnaniuliza kuhusu ile ya aina mbili, joto pamoja na mawimbi ya mikrowevu. Ni nzuri, zote mbili lazima zikubaliane ndipo ilie. Lakini bei inapanda, na mikrowevu inapita ukuta wa mbao, inaona feni ya chumba cha pili. Kwa sebule, sensa ya kawaida yenye jampa kwenye 2 inatosha. Dola zinazobaki nunueni betri za alkalini, zile za zinki hazidumu humo.

Tutaonana, video inayokuja ni ya kamera za nje. Kabla sijazima: umeme ukikatika mara nyingi kwenu, pimeni betri ya paneli. Ile ya volti 12 ya risasi, iliyojaa na kupumzika, inasoma karibu 12.7. Ikishuka chini ya 12 muda mfupi baada ya umeme kukatika, badilisheni, kwa sababu paneli yenye volti pungufu inaweza kulia yenyewe hata sensa zote zikiwa nzima.