Mauser ya 1898 au mitutu miwili: ipi kwa pori la Tabora?

Ubishi huu wa wawindaji hauishi. Kwa bei, Mauser ya muundo wa 1898, bunduki ya Kijerumani ya mtutu mmoja inayokokiwa kwa mkono kila risasi, inashinda. Bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili ni kazi ya mkono, na bei yake inatisha. Ila kwenye miombo ya Sikonge, nyati akiibuka hatua ishirini mbele, mitutu miwili ina raha yake: risasi ya pili hutoka bila kukoki. Tatizo inadeka. Mitutu imelinganishwa kwa risasi za aina moja. Ukibadili, kila mtutu unapiga pake. Mauser haina makuu, ukucha wake hung'oa ganda la risasi hata lenye vumbi. Ila kutu ya masika haichagui, hula zote mbili.

Mwenye bunduki moja tu achukue Mauser. Mkusanyaji mwenye fundi wa kuaminika, hiyo nyingine.