Vifaa vya elektroniki vya anayeanza: uzoefu wangu wa miezi 8 nikiwa Amu

Niliagiza kifurushi hiki kutoka duka moja la Nairobi kwa shilingi 4,800, kikaja kwa basi hadi Mokowe, kikavushwa kwa boti hadi Amu, na hakuna kilichovunjika njiani. Ndani yake mlikuwa na rezista 600 (vipande vya kupunguza mkondo wa umeme), kapasita (za kuhifadhi chaji), transista (za kuwasha na kukuza mkondo), taa ndogo za LED, ubao wa majaribio wenye matundu 830 ya kuchomekea vipande bila kulehemu, multimeta ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu cha wati 60, risasi (waya laini unaoyeyushwa kuunganishia), koleo ya kukatia na kibano. Ninamwandikia hasa anayeanza kazi hii akiwa kisiwani, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi haimwachi mtu anunue kama anunuavyo wa bara.

Rezista ndizo zilizonifurahisha zaidi. Nilizipima 20 nilizozichopoa ovyo, na zote, kwa kadiri mita ya bei nafuu inavyoweza kuaminiwa, zilikaribia sana thamani iliyoandikwa. Mistari 5 ya rangi juu ya mwili wa buluu ni taabu kuisoma usiku, kahawia na nyekundu hufanana mno, kwa hiyo nimejizoeza kupima kila moja kabla ya kuitumia. Kwa mazoezi ya mwanzo, zile za omu 220 (omu ni kipimo cha ukinzani), kilo-omu 1 na kilo-omu 10 ndizo zinazokwisha haraka: LED nyekundu hutumia takriban volti 2, kwa hiyo ukiiwasha kwa volti 5 kupitia rezista ya omu 220, mkondo hubakia kama miliampia 14, nayo taa inadumu.

Multimeta inatosha kwa betri na saketi ndogo. Hata hivyo, tundu lake la ampia 10 halina fyuzi, na waya zake ni nyembamba. Mimi siipeleki kabisa kwenye umeme wa ukutani wa volti 240, na ningemsihi kila anayeanza afanye vivyo hivyo.

Chuma cha kulehemu ndicho kilichoniumiza moyo. Kilikuja na plagi ya pini mbili isiyo na waya wa ardhi, na siku moja nilipogusa ncha yake ya chuma mkono wangu ukawashwa na umeme. Nilikichomoa, nikaweka mita kati ya ncha na pini za plagi, mahali ambapo hapakupasa kuwa na njia yoyote ya umeme, nikapata usomaji wa kilo-omu kadhaa. Nilimweleza muuzaji, naye hakunijibu. Nimenunua kingine chenye plagi ya pini tatu, na ingawa bei yake ilikaribia nusu ya ile ya kifurushi kizima, hiyo ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote. Risasi iliyokuja na kifurushi ilikuwa nene na haikuwa na flaksi ndani, ile dawa inayosafisha chuma ili risasi ishike. Niliibadilisha kwa ya milimita 0.8, aina ya 60/40 (bati 60, madini ya risasi 40 kwa mia), ambayo huyeyuka kuanzia nyuzi 183 na hushika upesi. Madini hayo ni sumu, basi nalehemu dirisha likiwa wazi na kunawa mikono kabla ya kula.

Sasa unyevu. Kusi ilipoanza na mvua zake, miguu ya transista nilizoziacha mezani ilififia ikawa nyeusi, risasi ikakataa kushika mpaka niikwangue miguu hiyo kwa kisu. Zile nilizozifungia ndani ya chupa za plastiki zenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vijifuko vya kukausha vinavyokuja katika masanduku ya viatu, zinang'aa hadi leo. Koleo nayo huifuta kwa mafuta ya cherehani kila wiki, la sivyo hupata kutu kwenye maungio.

Rezista nitaziagiza tena dukani pale pale, zikiwa peke yake. Kile chuma cha kwanza nimekikata waya karibu kabisa na mpini, asije mtoto akakiokota na kukichomeka.