Ziara ya daraja la Tsavo: nimelipia simba tu

Waliitangaza kuwa ziara ya historia ya daraja la reli la Tsavo. Nikalipa, nikaamka alfajiri, nikafika ukingoni mwa mto, na yule kijana wa kututembeza akaanza na simba, wale wawili waliokula wajenzi wa daraja, akamaliza na simba. Katikati alikuwa akimenya njugu na kutupa maganda miguuni mwetu.

Nikamuuliza, mwanangu, mawe ya hizi nguzo yalichongwa na nani? Akaniangalia kama nimemdai deni. "Mama, umekuja kuona historia ama kukagua ujenzi?" Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kwani daraja lilijengwa na simba? Mwaka 1898 walikuwapo hapa vibarua waliovushwa bahari kutoka India. Patterson, msimamizi wa ujenzi, ameandika mwenyewe kwamba aligundua wengi wa waashi wake si waashi, wamejiita hivyo kwa sababu ya mshahara. Alipowageuzia malipo yakawa kwa kipimo cha kazi, wakapanga kumuua huko huko machimboni. Kisa kama hicho unakiachaje? Kijana hakukigusa. Yeye ni watu 135 walioliwa, kwa sauti ya mtu aliyehudhuria mazishi yote. Hiyo ni hesabu aliyokuja kuitoa Patterson baadaye. Watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao, ambao sasa wako makumbusho ya Chicago, walikadiria mwaka 2009 kuwa ni kama 35. Na 35 hawatoshi? Mpaka watiwe chumvi?

Nilikuwa nimeshaamua kuwaambia msikanyage kabisa. Lakini tukirudi garini nikashindwa kunyamaza, nikamsimulia Desemba ile, vibarua walipochoka kuliwa wakajilaza relini mbele ya treni.

Akaacha kutafuna. "Ikasimama?"

Ikasimama. Wakarukia mabehewa na vifurushi vyao, wakarudi Pwani, kazi ikalala kama wiki tatu. Daraja likaja kuisha mwaka 1899.

"Mimi hiyo sikuambiwa," akasema, taratibu.

Basi hasira yangu ikahama, ikaenda kwa tajiri wake aliyemkabidhi simba wawili akamtuma kazini. Huyo ndiye simsamehi. Nilikuwa nimeandika nyota moja. Haya, wekeni mbili, nyingine ni ya kijana. Njia nzima ya kurudi alinigawia njugu zake.